Mji Uliofunga Mashati ya Dunia

Kabla hujasonga mbele, gusa kifungo cha shati ulilovaa. Yaelekea ni cha plastiki. Kikidondoka leo, fundi wa mtaani atakushonea kingine kwa pesa kidogo na kesho utakuwa umesahau. Kifungo ni kitu ambacho hatukioni mpaka kitukosee, asubuhi, tukiwa tayari tumechelewa.

Sasa rudi nyuma zaidi ya miaka mia. Mwaka 1905 kifungo chako kingeweza kuwa kimetoka kwa kiumbe aliyelala kwenye tope, chini ya Mto Mississippi, katikati ya Marekani. Kiumbe huyo ni kome: mnyama laini asiye na kichwa wala miguu ya kutembelea, anayejifungia ndani ya magamba mawili. Nje gamba lake ni jeusi na lina sura ya jiwe. Ndani linang'aa kama lulu. Mji mmoja uligundua kwamba ule mng'ao unaweza kukatwa vipande vya duara, kutobolewa na kuuzwa. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba mwaka huo wa 1905 mji huo ulitoa vifungo bilioni 1.5, zaidi ya theluthi moja ya vifungo vya dunia.

Mji unaitwa Muscatine, uko jimbo la Iowa. Kwa sensa ya 2020 haukufikisha watu 24,000. Kuna mitaa ya Nairobi inayoweza kuumeza mzima na bado ikatafuta chakula. Lakini ukitaka kuelewa jinsi mji unavyotajirika, nani analipia utajiri huo, na nani anakumbukwa baadaye, Muscatine ni darasa zuri. Mabango yake yanamsifu mwanamume mmoja Mjerumani aliyeleta viwanda. Sina ugomvi naye, na tutakutana naye hapa chini. Ila kwa maoni yangu historia ya mji huu ilibebwa zaidi na wadogo watatu: msichana wa miaka 12 aliyetaka kuingia darasani, msichana wa miaka 16 aliyetaka kulipwa haki yake, na huyo kome asiyeweza kusema chochote.

Kwanza misitu

Muscatine iko pale ambapo Mississippi, baada ya kutiririka kuelekea magharibi kwa kitambo, inakata kona na kushuka kusini. Kabla ya Wazungu, hiyo ilikuwa nchi ya watu wa asili, wakiwemo Wasauk na Wameskwaki. Mwaka 1832, baada ya vita vilivyopewa jina la kiongozi wa Wasauk, Black Hawk, serikali ya Marekani iliwalazimisha kuachia ukanda mrefu wa ardhi upande wa magharibi wa mto. Mwaka uliofuata walowezi wakaruhusiwa kuingia. Ndiyo hadithi ileile: kwanza vita, kisha mkataba, kisha ramani mpya.

Mji ulianza kwa jina la Bloomington, ukawa Muscatine mwaka 1849. Meli za mvuke zilipita zikipanda na kushuka, na kila meli ilihitaji kuni za kuchoma njiani. Baadaye yakaja magogo. Miti ya Wisconsin na Minnesota ilikatwa, ikafungwa pamoja kama chelezo kubwa, ikaelea kusini hadi kwenye viwanda vya kupasua mbao. Nyumba nyingi za tambarare za Marekani zilijengwa kwa mbao za miji ya mto kama huu. Hata kijana mmoja aliyekuja kujulikana duniani kwa jina la Mark Twain aliishi hapo kwa muda mfupi katika miaka ya 1850, kaka yake akiwa na hisa katika gazeti la mji. Miaka mingi baadaye alikuwa bado anasifu machweo ya jua ya Muscatine.

Ilipofika miaka ya 1890, misitu ya kaskazini ilikuwa inaelekea kwisha na viwanda vya mbao vikaanza kufa. Shika jambo hili, tutalirudia: mji ulikuwa tayari umejifunza kula kitu mpaka kiishe.

Kinyozi na binti yake

Mwaka 1842, kijana Mweusi wa miaka 16 anayeitwa Alexander Clark alishuka Muscatine. Alizaliwa Pennsylvania mwaka 1826 na wazazi waliokuwa wametoka utumwani. Kazi yake ilikuwa kinyozi. Usiidharau kazi hiyo. Kinyozi anakaa na jaji, mfanyabiashara na nahodha wa meli, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anamwachia shingo yake na habari zake. Clark alisikiliza. Pembeni akauzia meli za mvuke kuni, akanunua ardhi, akajenga maisha. Alikuwa miongoni mwa walioanzisha kanisa la Weusi mjini humo, la madhehebu ya AME, mwaka 1849.

Iowa ilikuwa jimbo lisilo na utumwa. Hilo halikumaanisha kwamba lilikuwa jimbo la usawa. Mwaka 1851 lilipitisha sheria ya kuzuia Weusi huru kuhamia humo. Katiba yake ya 1857 iliwapa kura wanaume weupe peke yao. Watoto Weusi wa Muscatine walikuwa na shule yao, mbali na wenzao. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Clark alisaidia kuandikisha askari Weusi wa Iowa, naye mwenyewe alizuiwa kwenda vitani na ulemavu wa mguu. Askari hao walirudi nyumbani kwenye jimbo ambalo hawakuruhusiwa kulipigia kura.

Septemba 1867, binti yake Susan, mwenye miaka 12, alikwenda kuingia katika shule ya umma ya mtaani kwao. Akakataliwa. Sababu haikufichwa: rangi yake. Bodi ya shule ilisema watoto wa aina yake wana shule yao, na kwamba hisia za umma hazingevumilia mchanganyiko huo.

Baba yake hakwenda kupiga kelele nje ya ofisi. Alikwenda kortini. Alishinda katika mahakama ya chini, bodi ikakata rufaa, na mwaka 1868 kesi ikatua kwenye Mahakama ya Juu ya Iowa. Majaji wakarudi kwenye katiba ya jimbo, iliyosema elimu ni ya vijana wote. Wote ni wote. Bodi haina mamlaka ya kuongeza maneno ambayo sheria haikuyaandika. Tena wakatoa hoja ambayo lazima iliwaingia vizuri watu wa Muscatine: kama bodi inaweza kumtenga mtoto kwa sababu ya asili yake, basi kesho inaweza kumtenga Mjerumani, keshokutwa Muairishi. Mji huo ulijaa Wajerumani na Waairishi. Ghafla kesi ya binti wa kinyozi ikawa kesi ya kila mtu.

Ilikuwa miaka 86 kabla ya Mahakama ya Juu ya taifa, mwaka 1954, kuamua kesi ya Brown iliyopiga marufuku ubaguzi katika shule za umma kote Marekani. Miaka 86! Mtoto wa darasani siku ile angeweza kuwa babu aliyekwisha kuzikwa kabla nchi yake haijafika alipofika Susan.

Tusipake rangi, lakini. Uamuzi huo haukuufuta ubaguzi Iowa. Huko Keokuk, mji mwingine wa mto ndani ya jimbo hilohilo, wazazi Weusi walilazimika kushtaki tena katika miaka ya 1870 ili watoto wao waingie shule ambazo sheria ilikuwa imeshafungua. Haki iliyoandikwa kortini inahitaji mtu wa kuibeba hadi mlangoni, tena na tena.

Clark mwenyewe hakuchoka kubeba. Mwaka huohuo wa 1868 alikuwa mstari wa mbele katika kampeni ya kuondoa neno "mweupe" kwenye sheria ya kupiga kura ya Iowa, na wapiga kura, wote wanaume weupe, wakaliondoa. Mwanawe, Alexander mdogo, alimaliza masomo ya sheria Chuo Kikuu cha Iowa mwaka 1879, Mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Mzee alipoona hivyo akaamua na yeye anaingia. Alihitimu mwaka 1884 akiwa na miaka 58. Mwaka 1890 Rais Benjamin Harrison akamteua kuwa mwakilishi wa Marekani nchini Liberia. Mtoto wa waliokuwa watumwa akavuka bahari kurudi Afrika akiwa na barua ya serikali mfukoni. Hakukaa sana. Homa ilimuua Monrovia mwaka 1891, na mwili wake ukarudishwa kuzikwa Muscatine.

Mjerumani na gamba

Mwaka huohuo Clark alipofariki, mtu mwingine alikuwa anafungua karakana ndogo mjini humo. John Boepple alikuwa fundi wa vifungo kutoka Ottensen, karibu na Hamburg. Kwao alikata vifungo kwa pembe, mifupa na magamba ya baharini. Alihamia Marekani mwishoni mwa miaka ya 1880 akiwa na ujuzi mkononi lakini bila malighafi. Inasimuliwa kwamba siku moja, akioga mtoni, alikanyaga kitu kikali kikamkata mguu. Akainama akakiokota: gamba la kome. Wengine wangelaani na kutupa. Yeye akaligeuza kwenye mwanga.

Bahati ilimkuta kazini. Mwaka 1890 Marekani ilipandisha ushuru wa forodha, na vifungo vya kutoka nje vikawa ghali. Ghafla kifungo cha nyumbani kikalipa. Boepple alitafuta mahali penye kome wengi wenye magamba mazito, akafika Muscatine, ambapo mto ulikuwa umetandikwa kome kama zulia. Mwaka 1891 akaanza.

Siri haikukaa. Boepple alipenda kazi ya mkono, ya polepole, ya fundi anayeijua mashine yake ya kukanyaga kwa mguu. Wenyeji wa mji, ambao viwanda vyao vya mbao vilikuwa vinakufa, waliona pesa. Ndani ya miaka michache karakana zilikuwa kila kona, mpaka kwenye vibanda vya nyuma ya nyumba. Kisha zikaja mashine za kutoboa na kusugua zenyewe. Boepple akasukumwa nje ya biashara aliyoianzisha. Tajiri wa kwanza wa vifungo hakufa tajiri.

Sasa tazama jinsi kazi ilivyokwenda, manake hapa ndipo mji mzima uliingia. Alfajiri wavuvi walitoka na mashua bapa, kila moja na fito mbili ndefu zilizoning'inizwa nyuzi zenye ndoano. Kome hukaa amefunua magamba kidogo, akichuja chakula kutoka kwenye maji. Ndoano ikimgusa, anafunga kwa nguvu. Yaani kujilinda kwake ndiko kunakomnasa. Wavuvi walivuta fito, wakabandua kome kama mtu anayevuna matunda, wakaenda ufukweni kambini.

Kambini kome walipikwa kwenye matangi makubwa mpaka wafunguke. Familia nzima ilikuwepo: mama, baba, watoto, wakitoa nyama, wakipapasa kwa vidole kila tumbo. Kwa nini? Lulu. Mara moja moja ilipatikana lulu halisi, yenye bei ya kubadilisha maisha. Hilo ndilo lililowafanya watu wavumilie harufu. Nyama ilikwenda kwa nguruwe au ikawa chambo, na iliyobaki ikaoza kwenye jua la Julai. Wazee wa miji ya mto walikuwa na mengi ya kusema kuhusu harufu hiyo, na hakuna lililokuwa zuri.

Kiwandani, magamba yalilowekwa kwenye mapipa ya maji kwa siku kadhaa ili yasipasuke. Wanaume walikata: msumeno wa mviringo uliozunguka kama keekee ulitoa duara moja baada ya jingine, hadi gamba likabaki na matundu kama kitambaa kilicholiwa na nondo. Wanawake na wasichana walikaa kwenye mashine za kusugua na kutoboa, wakipanga, wakichambua. Jioni vifungo vilipelekwa majumbani, ambako mama na watoto walivishona kwenye kadi za kuuzia. Mabaki ya magamba yalimwagwa kwenye vichochoro na barabara. Mpaka leo ukichimba mahali fulani Muscatine utakuta gamba lenye matundu ya duara.

Lulu nyingine

Walilipwa kwa idadi, si kwa saa. Sijui kama umewahi kufanya kazi ya kulipwa kwa idadi, lakini kama umewahi, unajua kwamba vita haviko kwenye bei peke yake. Viko kwenye hesabu. Nani anahesabu? Kifungo chenye kasoro ni cha nani? Kiwanda kikisema hiki hakifai, je, kinakitupa, au kinakiuza bila kukulipa? Wafanyakazi wa Muscatine walilalamika kwamba wanapunjwa kwenye hesabu. Kulikuwa na vumbi jeupe lililoingia machoni na mapafuni, mashine zilizokula vidole, na maji machafu yaliyofanya kidonda kidogo kuwa kikubwa.

Katikati ya haya, mwaka 1910, akaja msichana kutoka mashambani mwa Iowa. Alikuwa na miaka 16 na mpango rahisi: afanye kazi ya vifungo, aweke akiba, arudi shule asome ualimu. Jina lake Pearl McGill. Ndiyo, Pearl, yaani Lulu. Historia nayo ina utani wake.

Wafanyakazi walianzisha chama chao. Februari 1911 wenye viwanda wakajibu kwa kufunga milango, na watu wapatao 2,500 wakajikuta nje. Fikiria mji mdogo, ambapo karibu kila nyumba ina mtu kiwandani, na siku moja mishahara inakauka. Mwenye duka la mboga anamkopesha nani? Kanisani unakaa wapi, kama mdosi wako anakaa benchi la mbele na msaliti wa mgomo anakaa la nyuma? Kukawa na mawe, ngumi, vioo vilivyovunjwa. Gavana akatuma wanamgambo wa jimbo kushika doria katika mitaa ya watu waliokuwa wakidai kuhesabiwa vizuri.

Pearl, binti asiyekuwa na umri wa kupiga kura hata kama wanawake wangekuwa na kura, alitumwa Chicago na miji ya mashariki kuhutubia na kuomba michango. Vyama vya wanawake wafanyakazi vilimsikiliza. Pesa zikarudi Muscatine. Mkataba ulipatikana, ukavunjika, mgomo ukaanza upya, na kufikia 1912 nguvu zilikuwa zimeisha. Wenye viwanda hawakukitambua chama. Kwa lugha ya matokeo, wafanyakazi walishindwa.

Mwaka huohuo Pearl alikuwa Lawrence, Massachusetts, kwenye ule mgomo mkubwa wa wafumaji nguo. Baadaye alirudi Iowa na kutimiza lile alilolitaka tangu mwanzo: akawa mwalimu, katika mji mdogo wa mto unaoitwa Buffalo, si mbali na Muscatine. Mwaka 1924 mume aliyekuwa ameachana naye alimpiga risasi, akafa. Wanajeshi hawakumnyamazisha, wenye viwanda hawakumnyamazisha. Aliyemnyamazisha ni mwanamume aliyekuwa ameishi naye nyumba moja. Sisi tunaosoma haya Kenya hatuhitaji kufafanuliwa sentensi hiyo.

Mto ukanyamaza

Na kome? Yeye hakuwa na chama.

Kuna aina za kome wanaochukua miaka mingi kukua, na wengine huishi miongo kadhaa. Gamba lililotoa vifungo kadhaa kwa dakika moja lingeweza kuwa na umri wa kuzidi ule wa msichana aliyeendesha mashine. Mahali palipovunwa vizuri mwaka huu palikuwa pakavu miaka michache baadaye. Wavuvi wakahamia juu zaidi, kisha kwenye mito mingine. Tayari mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa wazi kwamba zulia linaisha.

Serikali ya Marekani ikajenga kituo cha utafiti huko Fairport, maili chache kutoka Muscatine. Wanasayansi walichunguza siri ya ajabu: vitoto vya kome, vidogo kama chembe ya vumbi, haviwezi kukua bila samaki. Hujishikiza kwenye matamvua ya samaki, pale anapopumulia, hukaa humo wiki kadhaa, kisha hudondoka mahali papya. Kwa hiyo ukiua samaki, umeua kome, na ukizuia samaki asipite, umezuia kome asizaliwe. Kituo kikaanza kuwapakia samaki vitoto vya kome kwa mamilioni na kuwaachia mtoni.

Mmoja wa walioajiriwa katika juhudi hizo alikuwa Boepple mwenyewe. Aliyefungua mlango wa uvunaji sasa alikuwa anajaribu kurudisha alichotoa. Akiwa katika kazi hiyo alikanyaga gamba la kome, likamkata mguu. Kidonda kikaingia sumu. Alifariki mwaka 1912. Gamba lilianza hadithi yake na gamba likaifunga.

Mamilioni ya vitoto hayakutosha. Kulikuwa na udongo kutoka mashambani ulioziba chini ya mto, maji taka ya miji, kisha kuta kubwa za kuzuia maji zilizojengwa katika miaka ya 1930 ili meli zipite, zikageuza mto kuwa ngazi za mabwawa. Halafu ikaja zipu, ikaja mashine ya kufulia iliyovunja vifungo vya gamba, ikaja plastiki. Katika miaka ya 1960 Muscatine iliacha kukata magamba. Kuna kome mmoja aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1857 kutokana na mfano uliookotwa hapohapo Muscatine. Tangu 1976 yumo kwenye orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mji uliomtambulisha kwa dunia ndio uliokaribia kummaliza.

Nani anafunguliwa mlango

Muscatine haikufa. Miji mingi ya mto ilikufa, na ndiyo sababu inafaa kuuliza kwa nini huu ulibaki. Jibu moja ni kwamba haukuwa na kitu kimoja. Kampuni ya Heinz ilijenga kiwanda huko mwaka 1893, ikifuata nyanya. Udongo wa kichanga wa kusini mwa mji unatoa matikiti yanayosifika jimbo zima. Baada ya vita vikuu vya pili kikakua kiwanda cha samani za ofisi. Hata vifungo havikuondoka kabisa: baadhi ya familia za biashara hiyo zilibadilisha gamba kwa plastiki na kuendelea.

Jibu la pili ni watu walioendelea kuingia. Familia za asili ya Meksiko, nyingi zikipitia Texas, zilikuja kuvuna nyanya na vitunguu, kisha zikabaki. Leo Kihispania ni lugha ya kawaida katika maduka na makanisa ya mji. Na mwaka 1985 msafara mdogo wa maofisa kutoka mkoa wa Hebei, Uchina, ulikuja kujifunza kilimo. Mmoja wao, ofisa kijana wa wilaya, alilala kwenye nyumba ya familia moja, katika chumba cha mtoto aliyekuwa ameenda chuoni. Aliitwa Xi Jinping. Mwaka 2012, akikaribia kushika uongozi wa Uchina, alirudi Muscatine kunywa chai na waliomkaribisha zamani. Mji unaipenda hadithi hiyo, na una haki. Inauonyesha ukifungua mlango bila kujua ni nani anayeingia.

Lakini hadithi ya Susan ni ngumu zaidi, na kwangu ndiyo kubwa zaidi, kwa sababu yeye walimjua. Walimjua baba yake, aliyewanyoa. Walijua nyumba yao. Na bado walimfungia.

Lugha yetu inasema mengi kwa neno moja. Kifungo ni kile cha shati, na kifungo ni miaka ya jela. Mji huu ulitengeneza aina ya kwanza kwa mabilioni, na wengi waliovitengeneza, waliokuwa wakihesabiwa vibaya kwenye vumbi, wangekwambia kwamba aina ya pili haikuwa mbali.

Mwaka 1975 nyumba ya matofali ya Alexander Clark ilisimama mahali palipotakiwa kujengwa jengo refu la makazi ya wazee. Badala ya kubomolewa, ilihamishwa mzima mzima, hatua chache kutoka ilipokuwa. Bado ipo. Jengo refu nalo likapewa jina la Clark. Kuna jumba la makumbusho la vifungo, na ufukweni imesimama sanamu ya mvuvi wa kome. Ukipita haraka unaweza kudhani mji umemaliza kukumbuka.

Ila mwaka 2020 wilaya ya shule za Muscatine ilifungua shule mpya ya sekondari ya chini kwa kuunganisha mbili za zamani. Ilihitaji jina. Likachaguliwa la Susan Clark. Miaka 153 baada ya bodi ya shule kumwambia msichana wa miaka 12 kwamba hapa si pako, bodi ya mji uleule iliweka jina lake juu ya mlango.

Hilo halirudishi chochote kwa Pearl, wala halijazi tena chini ya mto. Lakini kila asubuhi watoto wa Muscatine, wajukuu wa wakata vifungo na watoto wa wavuna nyanya, wanapita chini ya jina hilo kuingia darasani. Na hakuna anayewauliza wao ni wa rangi gani kabla ya kuwafungulia.